CHAKULA CHA IDI: IPI NI ADA, NA IPI NI SUNNA?

Kila inapokaribia Idi huzuka maneno majumbani mwetu hapa Amu. Wazee husema: Idi imekufa, iko wapi mikate ya mofa, iko wapi kahawa ya dele ikipitishwa dakani? Vijana nao hujibu kwamba Idi bila ya pilau na soda baridi si Idi. Na la kustaajabisha ni kuwa kila upande hudhani unaitetea dini. Basi yatupasa tuyatenge mambo mawili yaliyochanganyika: lililowekwa na sharia, na lililowekwa na jiko.

Ama lililowekwa na sharia ni chache mno. Imepokewa na Anas bin Malik (R.A.), katika Sahihi ya Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) siku ya Idi ya Fitri alikuwa hatoki kwenda kusali mpaka ale tende, na idadi yake huwa witri. Ama Idi ya Kuchinja, imepokewa kuwa alikuwa hali mpaka asali kwanza. Kisha iko Zaka ya Fitri, na nyama ya udhiya kwa aliyejaaliwa. Zaidi ya hayo hakuna sahani iliyofaradhishwa. Mwenye uwezo wa pilau na apike pilau, na mwenye wali na samaki wake Idi yake ni kamili, haikupungua hata chembe.

Sasa tuitazame hiyo ada ya wazee tunayoililia. Viazi vilivyomo ndani ya pilau, nyanya ya kachumbari na pilipili tunayoisaga, asili yake ni Marekani. Havikujulikana pwani hii kabla ya kuja Wareno mwaka 1498. Chai ilienea kwetu katika zama za Waingereza. Hata mchele haukuwa bwana wa sinia tangu mwanzo: waliochimbua mabaki ya miji ya kale kisiwani Pemba wamekuta kuwa wenyeji wa mwanzo walitegemea zaidi mawele, na mchele ukaja kuyashinda baada ya karne ya 11. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli, na kitoweo cha kuku, nyama na samaki, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na maembe na tangawizi pembeni. Alipopita Mombasa akakuta chakula chao zaidi ni ndizi na samaki. Wote hao walikuwa Waislamu, na Idi yao ilikuwa Idi.

Na kahawa, hiyo tunayoihesabu kuwa ni kinywaji cha masheikh! Mwaka 1511 ilipigwa marufuku mjini Makka, na wako wanavyuoni waliotoa fatwa ya kuiharamisha. Leo ni nani kati yetu asiyeinywa baada ya Alasiri?

Bali sharia yenyewe imekubali kuwa chakula hugeuka. Zama za Mtume (S.A.W.) fitri ilitolewa kwa tende, shayiri, zabibu na maziwa yaliyokaushwa. Maimamu wetu wa madhehebu ya Shafi wakasema: hutolewa katika chakula kinachotegemewa zaidi na watu wa mji. Basi mji wa mtama hutoa mtama, na sisi tunaotegemea mchele hutoa mchele, ingawa watoka Pakistani na nazi tu ndiyo yetu.

Kwa hivyo sisi hatuna ugomvi na pilau, wala hatumlaumu aliyeacha mofa. Ugomvi wetu ni na mambo mengine. Zamani sahani zilitembea: mtoto hutoka na sinia iliyofunikwa kawa, akarudi nayo ina chakula cha nyumba ya pili, na mjane wa kichochoroni akapata vyakula vya nyumba saba bila ya kuomba. Hii ilikuwa ada, lakini ada iliyobeba haki ya jirani ndani yake. Siku hizi sahani zimekaa, zinazotembea ni habari za nani amepika nini. Mtu mwenye mshahara mdogo huenda dukani akakopa mchele, nyama, samli na makreti ya soda, kwa kuwa mkewe ameambiwa kwa fulani kutapikwa biriani. Deni hilo hulilipa miezi mitatu. Na huyo mke, usiku ule ambao wenzake wanaleta takbiri, yeye yu jikoni mpaka alfajiri, na asubuhi hana nguvu hata ya kwenda kusikiliza hutuba. Ni nani aliyemlazimisha? Si Mola wake.

Kisha utamkuta mtu huyo huyo akiulizwa fitri husema: sina. Na wanavyuoni wamesema wazi kuwa fitri humlazimu kila aliyebakiwa na kitu baada ya chakula chake na cha aliowajibika kuwalisha, kwa usiku na mchana wa Idi. Soda si katika chakula hicho.

Kipimo chake ni pishi, vibaba vine, na kwa mizani ya sasa ni kadiri ya kilo 2½. Wengi hukamilisha 3 kwa tahadhari. Hutolewa kwa kila nafsi, hata mtoto mchanga. Wenzetu Mahanafi wamejuzisha kutoa thamani yake. Sisi Mashafi hutoa chakula chenyewe. Inajuzu kuitanguliza tangu Ramadhani kuingia, bora ni kabla ya sala ya Idi, na kuichelewesha bila ya udhuru mpaka jua la siku hiyo likatua ni haramu, na deni lake halianguki. Anayeleta mchele asubuhi watu wakiwa njiani kwenda msikitini ameitoa, lakini aliyepelekewa hana tena wasaa wa kuuchambua wala wa kukuna nazi. Na ipelekwe siku moja au mbili kabla, ili na jiko lake liwake mapema.