Hadithi za ajabu kabla ya kulala

Swali: Binti yangu ana miaka 7, tunaishi Nyegezi, Mwanza. Nimsomee nini usiku, kwa Kiswahili?

Jibu: Mzazi huyu aanze na kitabu cha Alisi katika nchi ya ajabu. Kitabu hicho cha Lewis Carroll cha mwaka 1865 kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1940, kisha tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis ikafuata mwaka 2015. Kina sura 12. Sura moja kwa usiku, karibu wiki mbili zimekwisha.

Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952) ni tamu zaidi, kwa maoni yetu, ila lugha yake nzito, na manyani wawili wanaochapwa kila usiku wanaweza kumtisha mtoto mdogo. Isubiri afike miaka 9 au 10. Hapo mzazi akatishe palepale Mfalme Rai anapotaka kujua sababu ya viboko. Kesho yake mtoto mwenyewe atakileta kitabu.

Riwaya ndefu ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, jirani yao wa ziwani? Hiyo ya watu wazima.

Neno gumu lisisimamishe hadithi: lielezwe kwa ufupi, sauti iendelee. Na kama nyumbani kuna bibi anayesimulia ngano za Kisukuma, zamu yake isifutwe.