Kompyuta ya Linux Ikigoma, Ihoji Kabla ya Kupanda Gari la Bukoba

Microsoft ilifunga rasmi huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizo nzima zikabaki njia panda: Windows 11 inazikataa, na mwenyewe hana fedha ya kununua nyingine. Kwa mwenye stesheneri Kayanga au Omurushaka, mwalimu wa Nkwenda, au kijana wa Murongo mwenye laptopu ya mtumba, mfumo endeshi wa Linux ni njia nzuri ya kutokea. Toleo lake la Linux Mint Xfce hukubali hata ramu ya GB 2, ingawa kwa GB 4 ndipo kazi inakuwa ya raha.

Tabu huja baada ya kuisakinisha. Waifai haionekani, printa imenyamaza, saa imerudi nyuma miaka kumi. Mgeni wa Linux husema kompyuta imekufa, akaifunga kwenye begi kwenda kwa fundi Bukoba, safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka Kayanga, na ndefu zaidi kwa anayetoka Kyerwa. Mara nyingi kifaa hakina ubovu wowote. Kinachokosekana ni draiva au mpangilio. Kabla hujatoa nauli, jibu maswali manne kwa mpangilio huu: kifaa kinapata umeme? Linux inakiona? Kina draiva? Kuna kitu kinachokizuia?

Jaribu kwa flashi kwanza

Linux inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo ndani ya kompyuta. Iwashe hivyo, kisha jaribu waifai, sauti, kamera, kibodi nzima na mwanga wa skrini. Kinachofanya kazi hapo kwa kawaida kitafanya kazi hata baada ya kusakinisha. Ukienda kununua laptopu ya mtumba, nenda na flashi hiyo mfukoni na ufanye majaribio kabla ya kulipa.

Flashi yenyewe nayo iangaliwe. Zipo zinazoandikwa GB 64 na ndani hazifiki hata 8. Kwenye Linux, programu iitwayo F3 hujaza flashi kisha huisoma upya na kukuambia ukweli wa ukubwa wake.

Anza na umeme

Laptopu isiyowaka kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha washa kwa chaja peke yake. Ikiwaka, mshukiwa wa kwanza ni betri. Ikiwaka bila picha, au ikilia milio ya mfululizo, zima, chomoa umeme, toa ramu, safisha meno yake taratibu kwa ufutio wa penseli na uirudishe mpaka ikae sawasawa.

Kompyuta ya mezani isiyo na UPS huweza kuumia kila umeme unapokatika na kurudi ghafla. Ukiona inajizima ikiwa kwenye inveta ya sola lakini inatulia kwenye umeme wa TANESCO, usiilaumu Linux, kagua inveta.

Uliza kama Linux inakiona kifaa

Fungua terminali uandike amri hii, kisha chomeka kifaa chako cha USB:

`sudo dmesg -w`

Kifaa kikiingia, mistari mipya hutokea papo hapo. Isipotokea hata mmoja, badilisha tundu, kisha waya, kisha kijaribu kwenye kompyuta nyingine. Kikinyamaza kote, sasa una haki ya kusema ni kibovu. Kumaliza, bonyeza Ctrl na C.

Amri `lsusb` huorodhesha vyote vilivyochomekwa kwa USB, na `lspci -nnk` huorodhesha vilivyomo ndani. Kwenye hii ya pili, tafuta chini ya jina la kifaa mstari wa "Kernel driver in use". Ukiwepo, draiva ipo na inatumika. Usipokuwepo kwenye kadi ya waifai, umempata mkosaji: kadi inaonekana, ila haina draiva.

Waifai iliyogoma

Andika `rfkill list`. Ukiona "Hard blocked: yes", tafuta swichi ndogo ubavuni mwa laptopu au kitufe chenye alama ya mnara. Ukiona "Soft blocked: yes", andika `sudo rfkill unblock wifi`.

Kama tatizo ni draiva, hasa kwa kadi za Broadcom ambazo namba zake huanza na 14e4, unahitaji intaneti ili upate intaneti. Simu yako ndiyo itakayokutoa hapo. Ichomeke kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya simu na uruhusu kugawa intaneti kwa USB. Linux huichukua kama mtandao wa waya, bila draiva ya ziada. Kisha fungua Driver Manager kwenye menyu ya Mint, chagua draiva inayopendekezwa, na uwashe kompyuta upya. Pima bando kabla ya kuanza, na masasisho makubwa yaache kwa wakati huo.

Walio Murongo na vijiji vya kando ya mto Kagera wawe macho: simu inaweza kudaka mtandao wa Uganda au Rwanda, na salio likaisha bila taarifa. Zima matumizi ya data ya nje kwenye simu kwanza.

Printa ya stesheneri

Printa nyingi za HP hutambuliwa mara moja, lakini LaserJet 1020 na P1102 zina kituko chake: jina linaonekana, kazi inaingia kwenye foleni, karatasi haitoki. Zinahitaji nyongeza ya HP inayopakuliwa mtandaoni. Andika `hp-plugin` na ufuate maelekezo. Kwa printa nyingine, fungua kivinjari uandike `localhost:631`. Hapo utaona foleni, na kama printa imesimamishwa utaiwasha upya. Kabla ya kununua printa mpya kwa ajili ya biashara, uliza kama aina hiyo inatumika kwenye Linux.

Saa iliyorudi nyuma

Kompyuta ikiwaka na tarehe ya zamani, kurasa za intaneti hukataa kufunguka kwa madai ya usalama, na masasisho nayo hukwama. Watu hulaumu mtandao, kumbe betri ndogo ya CR2032, ya mviringo kama sarafu, imeisha. Kwenye kompyuta ya mezani ni rahisi kuibadilisha mwenyewe: zima, chomoa umeme, fungua kasha, weka mpya. Wakati unaitafuta, rekebisha tarehe kwa mkono.

Polepole, moto na kuzimika

Kompyuta ikiwa nzito kupita kawaida, fungua programu ya Disks, chagua diski yako na usome taarifa za SMART. Ukiona idadi ya sekta mbovu inapanda wiki hadi wiki, au `dmesg` inataja "I/O error", acha majaribio yote na unakili mafaili yako kwanza. Diski inayokufa haiponi, hubadilishwa.

Ikizimika ghafla baada ya muda wa kazi, tazama joto kwa amri ya `sensors`, na kilichotokea kabla ya kuzimika kwa `journalctl -b -1 -e`. Vumbi la kiangazi huziba feni. Zima, chomoa, shikilia feni isizunguke, kisha pulizia vumbi litoke.

Na kama diski ya Windows inasomeka lakini haiandikiki, mara nyingi si mbovu. Windows iliilaza bila kuifunga kabisa. Rudi ndani ya Windows, zima Fast Startup, kisha izime ipasavyo.

Ukihitaji msaada

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, na uandike kwenye daftari ulichobadilisha. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja hajui kilichoiponya kompyuta, wala kilichoiumiza. Usinakili amri yenye `sudo` usiyoielewa, hata kama umepewa na mtu unayemwamini.

Ukimwandikia fundi, usimwambie "haifanyi kazi" ukaishia hapo. Taja aina ya kompyuta, toleo la Linux, ulichofanya, na maneno kamili ya kosa kama yalivyoandikwa kwenye skrini. Ongeza matokeo ya `inxi -Fxz`. Hutoa maelezo ya kompyuta nzima na kuficha namba za utambulisho wa kifaa chako. Kwa taarifa hizo fundi aliye Bukoba, Mwanza au Dar es Salaam anaweza kukusaidia ukiwa nyumbani.

Nauli ilipwe pale tu unapojua ni kipuri gani unakwenda kununua.