Ugonjwa Ukikutoa Kazini, Usiondoke Mikono Mitupu

Leo tutaweka kando habari za vidonge na lishe. Tutazungumza juu ya swali ambalo wagonjwa wengi huniuliza wakiwa tayari wameshika kitasa cha mlango: "Daktari, na kazi je? Watoto watakula nini?"

Chukua mfano wa mwanamume wa miaka 46 anayeishi Kitengela na kupakia mifuko ya saruji huko Athi River. Ameishi na kisukari kwa miaka 9. Sasa neva za miguu zimeharibika, kidonda cha wayo kimekataa kupona na msimamizi ameanza kunung'unika. Kwa kuona haya, anaandika barua ya mistari mitatu kwamba anaacha kazi "kwa sababu zangu binafsi", kisha anarudi nyumbani. Barua hiyo inaweza kumdhuru kuliko kidonda chenyewe. Mbele ya sheria sasa anaonekana kama mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake.

Katika nchi kama Uingereza, mtu ambaye maradhi yamemzuia kufanya kazi anaweza kudai malipo ya kila mwezi kutoka kwa serikali. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, pia inatambua haki ya kila mtu ya hifadhi ya jamii, na inaitaka serikali iwasaidie wasioweza kujikimu. Lakini hapa Kenya hakuna ofisi moja inayomlipa kila mgonjwa. Ipo milango kadhaa, na kila mlango una masharti yake. Tuipitie mmoja baada ya mwingine.

MLANGO WA KWANZA: MWAJIRI WAKO

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kwamba mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini ana haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila kipindi cha miezi 12. Hicho ni kiwango cha chini. Mkataba wako au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yanaweza kukupa zaidi. Sharti ni cheti cha daktari.

Siku hizo zikiisha, mwajiri hawezi kukuambia tu usirudi kesho. Kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya afya, lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Ukifutwa bila utaratibu huo, una miezi mitatu ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba.

Ikiwa kazi yenyewe ndiyo iliyokuletea maradhi, kwa mfano vumbi la mawe lililoharibu mapafu au kelele za mashine zilizoua masikio, ipo Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, maarufu kama WIBA. Dai la ajali hupelekwa ndani ya miezi 12. Kwa ugonjwa, usingoje: mwarifu mwajiri kwa maandishi mara tu daktari anapougundua, nawe ubaki na nakala. Mtu aliyelemaa kabisa kikazi hukadiriwa fidia kwa mshahara wa miezi 96, na aliyelemaa kwa sehemu hupata asilimia ya kiasi hicho.

MLANGO WA PILI: NSSF

Wengi hudhani pesa za NSSF ni za wazee pekee. Sivyo. Mwanachama ambaye hajafika umri wa kustaafu, na ambaye ugonjwa wa mwili au wa akili umemwondolea kabisa uwezo wa kufanya kazi, anaweza kudai malipo ya ulemavu. Chini ya sheria ya NSSF ya 2013, ili kupata pensheni ya namna hii uwe umechangiwa walau miezi 36 kabla tu ya kupoteza uwezo huo.

Kwa hivyo ile tarehe ambayo ugonjwa ulikuzuia kufanya kazi ina uzito mkubwa. Ukikaa nyumbani miaka mitatu bila mchango wala karatasi ya daktari, kisha ukaja kudai, utapata shida kuthibitisha kwamba ulipoteza uwezo ungali kazini. Omba pia taarifa ya michango yako mapema, ukague kama mwajiri amekuwa akiipeleka. Kama umeshafika miaka 50 na huna ajira tena, uliza kuhusu kustaafu mapema. Huko huhitaji kuthibitisha ugonjwa.

Kama kazini kulikuwa na mpango mwingine wa pensheni, soma kanuni zake, kwani mingi ina kifungu cha kustaafu kwa sababu ya afya.

MLANGO WA TATU: ULEMAVU NA INUA JAMII

Mchungaji wa ng'ombe kule Mashuuru au mama anayeuza mboga sokoni Kajiado hana mwajiri, na pengine hajawahi kuchangia NSSF. Wao waanze kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kumbuka kwamba jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Watu wengi wana kisukari, kifafa au presha na wanafanya kazi kila siku. Kinachopimwa hospitalini ni upungufu wa kudumu uliobaki: kiharusi kilichopoozesha mkono, macho yaliyopofuka, mguu uliokatwa.

Familia maskini inayomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa, yule asiyeweza kuachwa bila mwangalizi, inaweza kuandikishwa katika Inua Jamii. Malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Hazitoshi, nami sitakudanganya, lakini ni unga na nauli ya kliniki. Anza kwa chifu au naibu wake, na kwa afisa wa ustawi wa jamii. Wakati wa uandikishaji unapotangazwa barazani, usikose.

Usisahau SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. SHA huilipa hospitali, haikupi pesa mkononi. Mshahara ukikoma, makato ya asilimia 2.75 nayo hukoma, na itakubidi ulipe mwenyewe kwa kadiri uwezo wa jamaa yako ulivyopimwa. Shughulikia jambo hili mapema. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki hawezi kukaa hata mwezi mmoja bila bima.

UFUNGUO WA MILANGO YOTE

Sasa nikiri kosa langu. Katika miaka yangu ya kwanza nilikuwa nikiandika: "Mgonjwa huyu ana kisukari. Msaidieni." Nilidhani nimemaliza kazi. Barua kama hiyo haimsaidii yeyote, kwa sababu haisemi mtu huyu hawezi kufanya nini.

Unapomwomba daktari ripoti, hakikisha ina mambo haya:

1. Majina yako kama yalivyo kwenye kitambulisho, na nambari yake.
2. Jina la ugonjwa, ulianza lini, na matokeo ya vipimo.
3. Matibabu uliyopata na jinsi mwili ulivyoyapokea.
4. Usichoweza kufanya. Kwa mfano: "Hawezi kusimama zaidi ya dakika 10, hawezi kubeba mzigo, hahisi nyayo zake."
5. Tarehe ulipopoteza uwezo wa kufanya kazi yako.
6. Kama hali ni ya muda au ya kudumu.
7. Jina la daktari, nambari yake ya usajili, sahihi na muhuri.

Usione haya kumwambia daktari kazi yako ni ya namna gani. Kidonda cha wayo ni jambo moja kwa karani na jambo jingine kabisa kwa mpakiaji wa saruji. Nasi madaktari hatuwezi kuandika tusiyoelezwa. Lakini pia usituombe tuongeze chumvi. Ripoti ya uongo ikigunduliwa, huharibu dai lako na la mwenzako atakayekuja baadaye.

Toa nakala za kila karatasi, uzihifadhi katika bahasha moja nyumbani. Fomu za NSSF na za Inua Jamii haziuzwi, kwa hivyo mtu akikudai kitu kidogo ili "aisukume faili", ondoka. Huduma Centre ya mjini Kajiado itakuonyesha pa kuanzia.

Na yule ndugu yetu wa Kitengela? Kama barua yake ya kuacha kazi ingali mfukoni, airarue. Kesho apande matatu aende hospitalini, na akifika mbele ya daktari aseme: "Nimekuja kwa kidonda changu, na pia kwa ripoti."