Dondoo muhimu: Kufungua kufuli bila ufunguo

Anayeanza aanze na kufuli ya pini, aina ambayo Mmarekani Linus Yale mwana aliipatia hataza mwaka 1861. Ndani kuna pini ndogo zinazosukumwa na springi. Zote zikiinuliwa kwa kimo sahihi, silinda huzunguka.

Kosa kubwa la wanagenzi ni kutumia nguvu. Kichuma cha kukazia, kinachotiwa kwenye tundu la ufunguo ili kuizungusha silinda, kisukumwe kidogo mno, kwa ncha ya kidole, kwani kikikazwa sana pini zote hunasa. Kichuma cha pili, cha kuinulia pini, kiipapase pini iliyo ngumu kuliko nyingine, kiiinue polepole mpaka isikike "tik", kisha kitafute inayofuata. Kufuli ya bei nafuu yenye pini tatu au nne, iliyobanwa kwenye jiriwa, hufundisha upesi.

Subira inahitajika! Mwaka 1851 jijini London, fundi wa kufuli Alfred Charles Hobbs alihitaji saa 51, zilizotawanyika katika siku 16, kuifungua kufuli iliyobuniwa na Joseph Bramah.

Kufuli ya mazoezi iwe mali ya mwanafunzi mwenyewe, wala isiwe ile ya mlangoni, maana huweza kuharibika. Sheria za kumiliki vifaa hivi hutofautiana kati ya nchi na nchi. Aziulizie kabla ya kununua.