SOMO: NANI ATASEMA "TURUDI"?



Mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha nchini Kenya, ni kati ya mbuga chache ambamo mgeni huruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Tulikwenda marafiki 8. Langoni tulikodi baiskeli na kujaribu breki za kila moja, mbili tulizirudisha. Aliyekuwa mchovu zaidi tulimtanguliza, atupimie mwendo.

Tulipofika korongoni, jua liliwaka, lakini mbali mawingu yalikuwa yametanda. Wenzetu walitaka kushuka. Tuliwakumbusha kwamba Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliua watu 7 wa msafara wa kanisa humo korongoni, na Septemba 2019 wakafa wengine 7. Maji huletwa na mvua iliyonyesha kwingine. Tuligeuza baiskeli. Mvua haikunyesha, na njia nzima tulitaniwa. Hatujuti.

Maswali ya kujadili:
1. Katika safari za vijana wetu, nani hukagua vyombo?
2. Nani amepewa mamlaka ya kusema "turudi", na je, atatiiwa?