SAFARI NDEFU YA KINGA: JE, MWILI UKO TAYARI?

Vijana wa hapa Kivu wamesikia habari ya mashindano ya kinga kule Rwanda, ng'ambo ya ziwa. Yalianza mwaka 2020. Mtu anazunguka inchi karibu kilometa 1,000. Hakuna motokari ya kumfuata, vitu vyote anabeba mwenyewe, na saa haisimami hata akilala. Wamoja wanatuuliza: Munganga, nijitayarishe namna gani? Ninunue kinga gani?

Ndugu, tujibu kwanza ulizo ambalo hamkuuliza: utalala saa ngapi?

Mwaka 1891 Wafaransa walifanya mashindano toka Paris mpaka Brest na kurudi Paris, kilometa 1,200. Mshindi, Charles Terront, alikuwa njiani zaidi ya saa 70 pasipo kulala. Watu wanamusifuka sana kwa hii. Sisi tunaoshona vichwa vya watu wa kinga hatumusifu sana. Ubongo ukikosa usingizi unajifunga wenyewe sekunde mbili, tatu, hata macho yakiwa wazi, na mwenyewe hajui. Ukiteremka mlima kilometa 40 kwa saa, sekunde tatu ni meta 33 za njia pasipo mtu wa kuongoza kinga. Kahawa inasukuma usingizi mbele kidogo tu, haiuondoi. Ukiona hukumbuki kijiji ulichopita sasa hivi, ao unaona mtu njiani na kumbe hakuna mtu, shuka. Lala dakika 20 mbali na barabara. Na kila usiku lala muda wa saa 3 ao 4, ndani ya chandarua, maana mbu hawajali mashindano.

Tena usiku wa kwetu ni mrefu. Paris-Brest inafanyikaka mwezi wa nane, wakati usiku wa Ulaya ni mfupi. Rwanda iko karibu na ikweta, giza ni karibu saa 12 kila siku. Kwa hiyo usitoe feza yote kwa kununua kinga nyepesi. Nunua kwanza taa mbili za mbele, na ya nyuma nyekundu. Taa ya dinamo iliyo ndani ya gurudumu la mbele ni nzuri sana, haiombi mabuye ya kununua.

Kwa mazoezi, fuata kipimo cha Paris-Brest. Mbele ya kukubaliwa, mtu lazima amalize safari ya kilometa 200, kiisha 300, kiisha 400, kiisha 600. Zigawe kwa miezi mingi, na kati ya safari pumzika kweli. Ile ya 600 njo mwalimu, sababu inakupitisha usiku. Yule anayebeba makala ao ndizi kwa kinga atasema: Mimi nimezoea. Miguu ndiyo, imezoea. Lakini mara mingi yeye anasukuma kinga kwa mguu kwenye mlima. Matako yake hayajakaa juu ya kiti saa 15. Na ukiwa na homa, usiende mazoezi. Kuja wapime damu kwanza.

Kiti ni kitu cha kuchagua kwa akili. Kile kipana na laini sana kinadanganya; kinasugua mapaja mpaka ngozi inatoka. Chagua kiti kigumu kidogo, kilichonyooka, kinachobeba mifupa ya kukalia. Kwa urefu wake: weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke; halafu ukikanyaga kwa mbele ya mguu, goti litakunjika kidogo. Vaa kaptula ya kinga yenye kitambaa kinene, pasipo nguo nyingine ndani. Jioni nawa kwa maji na sabuni, kausha, paka vazelini. Kidonda kidogo cha siku ya kwanza kinaweza kuwa jipu siku ya tatu, na jipu linamaliza safari.

Vidole viwili vya mwisho vya mkono vikifa ganzi, mshipa unafinywa pale kwenye usukani. Badilisha namna ya kushika, inua usukani kidogo. Magoti yakiuma, mara mingi ni kukanyaga gia nzito kwenye mlima. Kwa vilima vya Rwanda utafute gia nyepesi sana, na mipira mipana kwa njia za mawe.

Sasa maji. Watu wanafikiri maji mengi ni afya nyingi. Hapana. Jasho linatoa maji na chumvi. Ukijaza maji matupu kupita kiu, chumvi ya damu inapunguka: kichwa kinauma, mtu anatapika, anavimba vidole, anasema maneno yasiyo na maana, na anaweza kufa. Kunywa kwa kipimo cha kiu, na kula vyakula vilivyotiwa chumvi: viazi, ndizi, karanga, mayai. Tumbo likikuhara njiani, tengeneza yale maji tunayowapa watoto: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa.

MAULIZO. Katika fungu lenu, nani amekwisha kukaa juu ya kinga usiku mzima, na nini ilimuuma kwanza? Mwenzenu akianza kusema ovyo njiani, mtajua namna gani kama ni usingizi ao ni maji mengi?