MTEJA AKIULIZA "HII FRIJI INAKULA UMEME?", MJIBU KWA NAMBA, SIMU UNAYO MKONONI

Somo la leo ni la wanaouza vifaa vya umeme, iwe dukani, iwe WhatsApp, vipya au mtumba. Na kama huuzi ila unajipanga kununua friji au friza ya biashara yako, kaa hapa hapa, linakuhusu.

Dukani kwangu swali la kwanza siku hizi si bei. Bei inakuja ya pili. La kwanza ni "bosi, hii inakula umeme?" Na jibu letu wauzaji linajulikana: "Hii haili kabisa, hii ni inveta." Mteja anaitikia kwa kichwa lakini haamini, maana duka la jirani wamemwambia maneno hayo hayo kuhusu friji nyingine. Ukiwa na namba, halafu namba yenyewe aione kwenye simu yake mwenyewe, hapo mazungumzo yanabadilika.

Namba ipo. Imebandikwa kwenye mlango wa friji, na wengi wetu tunaibandua ili friji ionekane safi. Acha kuibandua.

Tuanze na lebo ya Ulaya, maana ndiyo tunayokutana nayo kwenye mtumba na hata kwenye friji mpya za kampuni kubwa. Ni ile yenye mistari ya rangi, kijani juu, nyekundu chini, na herufi. Hapa kuna mtego mmoja mkubwa. Tarehe 1 Machi 2021 Ulaya ilibadilisha mizani ya friji, mashine za kufulia, mashine za kuoshea vyombo na televisheni. Zamani ilipanda mpaka A+++. Sasa ni A mpaka G tu, hakuna alama za kujumlisha. Na mizani mpya ni ngumu zaidi: friji iliyokuwa A+++ jana inaweza kuangukia C au D leo bila kubadilishwa hata skrubu moja.

Kwa hiyo mteja akiona A+ kwenye friji ya mtumba na E kwenye friji mpya, ataikimbilia A+. Herufi hizo mbili hazilinganishwi, ni sawa na kulinganisha kilo na lita. Utazijuaje? Lebo mpya ina msimbo wa QR, kile kiboksi cha vidoti, kwenye kona ya juu kulia. Ya zamani haina.

Mimi herufi simsomei mteja kabisa. Namwonyesha namba kubwa iliyoandikwa kWh. kWh moja ndiyo uniti moja unayonunua kwa LUKU, hakuna tofauti. Kwenye friji na friza namba hiyo ni ya mwaka mzima. Kuwa makini na vifaa vingine: kwenye televisheni mpya ni kwa saa 1,000 za kuwasha, na kwenye mashine ya kufulia ni kwa kufua mara 100. Usije ukamwambia mtu televisheni inatumia uniti 60 kwa mwaka kumbe ni kwa saa 1,000.

Sasa simu. Fungua kamera, ielekeze kwenye ule msimbo wa QR, bonyeza kiungo kinachotokea. Kitakupeleka kwenye rejesta ya Umoja wa Ulaya inayoitwa EPREL. Haina malipo, na inafunguka Kariakoo kama inavyofunguka Berlin. Kabla ya kusoma chochote angalia mambo mawili. La kwanza, anwani juu ya ukurasa iwe ya europa.eu. Ikikupeleka kwenye ukurasa wa kuuza vitu au wa matangazo, hicho kibandiko kina walakini. La pili, linganisha namba ya modeli iliyo kwenye simu na ile iliyo kwenye kibandiko cha kiwandani, ambacho mara nyingi kipo ndani ya friji pembeni ya droo za mboga, au nyuma. Lebo inaweza kutolewa friji moja ikabandikwa nyingine. Modeli zisipofanana, usiuze kwa namba hiyo. Na kama lebo imechanika lakini modeli inasomeka, ingia EPREL uiandike modeli yenyewe, italeta taarifa zake ikiwa imesajiliwa.

Ukishafika hapo, shuka mpaka kwenye karatasi ya taarifa za bidhaa. Kuna lita, kuna kelele, na kuna kitu ambacho kwetu ni muhimu kuliko hata herufi: daraja la hali ya hewa. Friji hutengenezwa kwa joto la mahali. N inafanya kazi vizuri chumba kikiwa kati ya nyuzi 16 na 32. SN ni 10 mpaka 32. ST inafika 38, na T inafika 43. Sasa fikiria jiko la Temeke au Mvita mwezi wa pili, bati juu, jiko la mkaa pembeni. Friji ya N pale inahema tu, mota haizimi, na uniti zinakwenda. Wateja wengi wanaolalamika kwamba friji ya mtumba "imechoka" wamenunua friji nzima iliyotengenezwa kwa ajili ya jiko la Sweden. Herufi hizi zipo pia kwenye kibandiko cha kiwandani, kwa hiyo hata bila intaneti unaweza kuzisoma. Ukiona SN-T, maana yake inabeba kuanzia baridi mpaka joto letu. Mimi nikienda kuchagua mzigo, hapo ndipo ninapoangalia kwanza.

Tuje kwenye hela. Bei ya uniti usiikariri kutoka kwa mtu, mwambie mteja afungue ujumbe wake wa LUKU au tokeni. Chukua pesa aliyolipa, gawa kwa uniti alizopata. Chagua ujumbe ambao haujakatwa deni wala kodi ya jengo, la sivyo hesabu itapotoka. Njia hii inafanya kazi Dar, Nairobi, popote penye mita ya kulipia kabla. Kwa mteja wa T1 wa TANESCO mimi napigia Sh 356 kwa uniti, kodi zikiwa ndani.

Friji mbili za ukubwa mmoja. Ya kwanza lebo inasema 290 kWh, ya pili 170. Kwa mwaka ya kwanza ni Sh 103,240, ya pili Sh 60,520. Tofauti Sh 42,720. Ikiwa ya pili imezidi bei kwa laki moja na nusu, itajirudisha baada ya miaka mitatu na nusu hivi, na baada ya hapo ni faida ya mteja. Ikiwa imezidi laki mbili na nusu, inakaribia miaka sita. Hapo mimi namwambia mteja ukweli: kama hela yako ni ya kubana, chukua ya bei ndogo. Kuna wauzaji wataniona mjinga, lakini mteja aliyeambiwa ukweli kwenye friji anarudi kununua pasi.

Ila kuna wateja ambao kwao hesabu hii ni kubwa kuliko hiyo, na wengi hawajui. Ni wale wa D1, majumba yanayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi na kulipa Sh 122 kwa uniti. Juzi juzi alikuja mama mmoja, anataka friji ya nyumbani, ya kwanza maishani mwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka ile kubwa pale, ya bei nafuu."

Nikamwomba simu yake, tukaangalia ujumbe wa LUKU. Yupo D1, anatumia kama uniti 50 kwa mwezi. Ile kubwa lebo yake ilikuwa 365 kWh, yaani uniti 30 kwa mwezi. Hamsini na thelathini ni 80. Kashazidi. Kwenye D1 ukizidi 75 uniti za ziada zinapanda bei, na ukiendelea kuzidi unahamishiwa T1. Uniti 80 kwa Sh 356 ni Sh 28,480 kwa mwezi, kutoka Sh 6,100 aliyozoea. Pembeni ilikuwepo ndogo zaidi ya 180 kWh, uniti 15 kwa mwezi. Hiyo inamfikisha 65, anabaki D1, analipa Sh 7,930. Namba zote aliziona kwenye kikokotoo cha simu yake. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe friji si hela ya kununulia tu." Akachukua ndogo. Nilipata faida ndogo kuliko ningeuza kubwa, sikatai.

Sasa lebo zisizo za Ulaya. Mzigo kutoka China huja na lebo ya buluu na nyeupe, maandishi yote ya Kichina, nayo pia ina QR. Tumia Google Lens au kamera ya Google Translate, ielekeze kwenye lebo, itakutafsiria papo hapo. Tafsiri yake ina vichekesho wakati mwingine, ila namba hazidanganyi. Shika mambo mawili tu. Kwanza, kule daraja la 1 ndilo bora na namba ikipanda friji inakula zaidi. Pili, kwenye friji kWh zao ni za saa 24, siyo za mwaka. Lebo ikisema 0.7, zidisha mara 365 upate uniti 255 hivi kwa mwaka, ndipo uilinganishe na ya Ulaya.

Nyota ni kinyume chake. Kenya ina kanuni za lebo tangu 2016, nyota 1 mpaka 5, na tano ndiyo bora. India nao ni hivyo hivyo. Kwa hiyo "5" ya Nairobi ni sifa, "5" ya China ni aibu. Nimeshuhudia muuzaji akinadi friji ya daraja la 5 la China kama "faivu staa". Sidhani alikuwa anadanganya, alikuwa hajui tu.

Na mtumba usio na lebo kabisa? Hapo pima. Njia ya bure ni mita yenyewe ya LUKU. Washa friji siku nzima kwanza ipoe. Kisha zima kila kitu kingine, andika uniti zilizobaki, subiri, andika tena. Saa 24 ni bora, lakini najua huwezi kuzima duka zima siku nzima, basi fanya usiku, saa 10 au 12, halafu piga hesabu ya siku. Kama unauza mzigo mkubwa, nunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka kati ya soketi na plagi, kinaonyesha uniti moja kwa moja. Vingine vinaunganishwa na programu ya simu, unapiga picha ya skrini na kumtumia mteja.

Uwe muwazi kwa jambo moja. Namba ya lebo hupimwa maabara. Anayeuza maji ya baridi, mlango unafunguliwa mara mia kwa siku na chupa za moto zinaingizwa kila saa, atatumia zaidi ya lebo. Anayegandisha barafu vile vile. Lebo inakusaidia kulinganisha friji na friji, haikuahidi bili. Ukimwahidi mtu "utalipa elfu tano kwa mwezi", mwezi wa pili atakuwa mlangoni kwako na mita mkononi. Sema "hii itatumia pungufu ya ile", na mwonyeshe pungufu ni kiasi gani.

Kwa wanaouzia WhatsApp Business: kwenye katalogi, picha ya kwanza iwe friji, ya pili iwe lebo, karibu kabisa, ili QR iskanike kwenye skrini. Ya tatu kibandiko cha kiwandani chenye modeli na daraja la hali ya hewa. Kwenye maelezo andika mstari mmoja tu, mfano: "Lita 200, uniti 15 kwa mwezi kwa lebo, inafaa joto (T)." Mteja mwenye simu mbili atakuskani kwa ya pili akiwa kitandani kwake Mbagala, na akija dukani anakuja na hela, maswali kayamaliza.